Pazia halipatani na ukuta: dalili, vyanzo na dawa yake

Malalamiko ya mapazia ni yaleyale mwaka baada ya mwaka, mteja awe anatoka Migosi kule Kisumu, Lanet kule Nakuru au Lurambi kule Kakamega. "Rangi imebadilika." "Sebule imekuwa giza." "Nimeweka krimu juu ya krimu na bado kuna kitu kinanikera." Wengi hufika wakiwa wameshaamua kwamba kitambaa ndicho kibaya na wanataka kingine. Mara nyingi kitambaa hakina kosa lolote. Shida iko kwenye mwanga: dirisha linaelekea wapi, balbu ni ya aina gani, nje ya dirisha kuna nini. Kwa hiyo hapa tutaanza na yale yasiyohitaji pesa, na suala la kununua tutaliacha hadi mwisho.

Anza na dirisha

Ushauri mwingi wa mapambo ya nyumba umeandikwa kwa watu wa Ulaya, ambako dirisha la kusini ndilo lenye jua na la kaskazini ni la kivuli. Huku haufai. Sisi tuko juu ya ikweta, na mstari wenyewe unakata barabara ya Kisumu kwenda Busia pale Maseno. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi karibu mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri linaegemea kaskazini; miezi iliyobaki linahamia kusini. Madirisha ya pande hizo mbili yanapokezana zamu, na kwa kuwa jua la mchana liko karibu utosini, ukingo wa paa unalizuia sehemu kubwa. Madirisha ya mashariki na magharibi hayana bahati hiyo. Jua la asubuhi na la jioni linaingia limelala, chini ya ukingo wa paa, miezi yote kumi na miwili.

Siku moja ukiwa nyumbani, itazame sebule yako mara nne: saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na usiku taa zikiwaka. Kila mara shikilia karatasi nyeupe ya kuchapia ukutani, kando ya dirisha. Ukuta uliodhani ni mweupe utakuonyesha rangi iliyojificha chini yake, iwe unjano, uwaridi, ukijani au ubuluu. Andika ulichoona. Karatasi hiyo tutairudia tena na tena.

"Dukani lilikuwa hudhurungi, nyumbani limekuwa zambarau"

Hili ndilo lalamiko kuu, na chanzo chake cha kwanza ni taa za duka. Duka la vitambaa la kawaida mjini ni refu na jembamba, majora yamesimamishwa hadi dari, na yale mazuri yako nyuma kabisa ambako mwanga wa mchana haufiki. Kila taa ina mchanganyiko wake wa mwanga, na uzi uliotiwa rangi hurudisha tu kile ulichopewa. Vitambaa viwili vinaweza kufanana chini ya taa moja na kuachana kabisa chini ya nyingine. Hudhurungi zenye ukijivu na kijivu zenye uwaridi ndizo wasaliti wakubwa.

Ukaguzi wake hauna gharama:

"Dada, naomba nitoke nacho hapo nje nikitazame kwenye mwanga."

"Toka tu, mama. Lakini simama hapo mlangoni, usivuke barabara na kitambaa changu."

Muuzaji anayekataa hata hilo, mwachie kitambaa chake. Simama kivulini, si kwenye jua kali, kwa maana jua la saa sita linapausha kila rangi. Kikikupendeza, nunua nusu mita tu. Kifike nyumbani, kibandike wima kando ya dirisha kwa utepe, kisha ukitazame kwa zile nyakati nne. Usikilaze kwenye kochi: kitambaa kilicholala hupokea mwanga kutoka juu na huonekana cheupe kuliko kitakavyokuwa kikining'inia chenye mikunjo. Muuzaji atanung'unika kukata nusu mita. Mwache anung'unike.

Chanzo cha pili ni balbu zako mwenyewe. Kwenye boksi la balbu kuna namba yenye herufi K. Ya 2,700 hadi 3,000 hutoa mwanga wa njano. Ya 6,500 hutoa mwanga mweupe unaoelekea ubuluu, na ndiyo iliyojaa kwenye ploti nyingi. Chini ya balbu ya njano, buluu hufifia na kuwa kijivu, na krimu huiva. Chini ya balbu ya 6,500, maruni na kahawia hupoa na kuonekana zimechakaa. Kama pazia linakupendeza mchana na kukuchukiza usiku, badilisha balbu kwanza. Ukikuta sebule ina balbu moja ya njano na nyingine nyeupe, usihukumu pazia lolote hadi zote ziwe za aina moja.

Cha tatu ni mwanga unaopita ndani ya kitambaa. Dukani ulikitazama mwanga ukikipiga usoni, lakini nyumbani mchana mwanga unatoka nyuma. Pazia jekundu lisilo na bitana litapaka chumba kizima uwaridi, na ua lililochapishwa litaonyesha mgongo wake. Dawa ni bitana nyeupe au ya krimu. Fundi anaweza kuiongeza kwenye pazia lililokwisha kushonwa, na hiyo ni kazi ndogo kuliko kushona pazia jipya.

Cha nne husahaulika: kile kilicho nje. Ua wa udongo mwekundu kule Vihiga au Kakamega hurusha wekundu wake ndani. Nyasi hurusha ukijani, na ukuta wa jirani uliopakwa chungwa hurusha uchungwa. Tundika shuka jeupe dirishani kwa muda wa mchana mmoja. Shuka likigeuka rangi, hakuna pazia jeupe litakalobaki jeupe hapo. Chagua shia, yaani pazia jepesi linalopitisha mwanga, ya krimu iliyokolea, ambayo wekundu hautaonekana juu yake.

"Mapande mawili ya pazia moja hayafanani"

Uliza kwanza kama yote yalikatwa kwenye jora moja. Kiwandani kitambaa hutiwa rangi kwa awamu, na awamu mbili za rangi ileile huachana kidogo, kiasi kwamba dukani huoni ila dirishani unaona. Ukipungukiwa na mita mbili ukarudi baada ya mwezi, unaweza kuuziwa jora jingine. Kwa hiyo nunua zote pamoja na uongeze kidogo.

Kama ni velveti, kuna chanzo kingine ambacho fundi wa haraka hukifanya bila kujua. Velveti ina manyoya yaliyolala upande mmoja. Pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu: upande mmoja kiganja kinateleza, upande wa pili kinakwama. Pande moja likishonwa manyoya yakielekea juu na jingine yakielekea chini, moja litaonekana limeiva na jingine limepauka, ingawa zimetoka mkasi mmoja. Fanya jaribio la kiganja kwenye kila pande. Yakitofautiana, rudisha kwa fundi. Hilo ni kosa lake na anapaswa kulirekebisha bila malipo.

"Kila kitu ni krimu lakini nyumba inaonekana chafu"

Nyumba nyingi za kupanga kati ya Nakuru na Busia zimepakwa krimu, na mwenye nyumba hataki kusikia rangi nyingine. Mpangaji anaona njia salama ni kununua pazia la krimu. Kwa bahati mbaya krimu si rangi moja. Kuna ya unjano, ya uwaridi na ya ukijani, na zikikaa pamoja, moja huifanya nyingine ionekane kama haijafuliwa.

Rudisha ile karatasi. Ukuta ukionekana wa njano kando yake, usiuwekee pazia jeupe la theluji wala krimu ya uwaridi. Uwekee krimu iliyokolea kuliko ukuta kwa tofauti inayoonekana, kiasi kwamba hata mgeni anaona ni rangi mbili zilizokusudiwa, au ondoka kabisa kwenye krimu: kijani cha zeituni, kahawia ya kahawa, maruni, hata buluu ya usiku. Tofauti ndogo ndiyo inayokera. Tofauti kubwa hakuna anayeilalamikia.

Ukuta ukionyesha uwaridi, hudhurungi na kijivu chenye joto vitaupokea vizuri. Ukionyesha ubuluu, hapo ndipo nyeupe safi na kijivu zinapokaa.

Kabla ya kulaumu pazia, angalia fremu za dirisha. Madirisha ya chuma mara nyingi hupakwa rangi ya mafuta nyeupe, na rangi hiyo hugeuka njano kadiri miaka inavyopita, hasa mahali pasipopata mwanga. Fremu iliyojificha nyuma ya pazia zito hugeuka haraka kuliko iliyo wazi. Ukitundika shia mpya nyeupe mbele yake, fremu inaonekana kama jino la mvutaji sigara. Hapo pazia halina hatia. Fremu inahitaji koti jipya.

Angalia pia kama ukuta wenyewe una uchafu. Futa eneo la ukubwa wa kiganja kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Likitokea doa safi, osha ukuta kwanza. Wenye watoto wanajua ninachosema.

Kijivu kinastahili neno lake. Kimekuwa mtindo, na watu wa Nakuru wamekipenda mno. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Julai yake ina baridi, na chumba chenye ukuta wa kijivu, pazia la kijivu na balbu ya 6,500 hukufanya uvae sweta hata kama hewa haijapoa hivyo. Ukikipenda kijivu, kichukue chenye uhudhurungi ndani yake, na ubadilishe balbu.

"Sebule ina rangi nyingi, sijui pazia lifuate ipi"

Kochi la maruni, vitambaa vya kochi vya kushonwa kwa mkono vyenye njano na kijani, zulia la buluu, kalenda tatu ukutani. Wapambaji wana kanuni ya 60, 30 na 10: rangi kuu asilimia 60, ya pili 30, ya kuchangamsha 10. Ukuta kwa kawaida ni ile 60. Pazia ni kubwa kiasi cha kuwa 30, na hapo ndipo watu hukosea: wanachukua rangi ya 10, ile ya mto mdogo au ya ua kwenye zulia, na kuipandisha dirishani kutoka juu hadi chini.

Kama sebule tayari ina shughuli nyingi, pazia lifuate ukuta na lisiwe na maua. Kama sebule imenyamaza, pazia ndilo lizungumze. Vitambaa vya kochi usiviguse. Mama aliyevishona anakuja Krismasi.

"Tangu niweke pazia, chumba kimekuwa kidogo na giza"

Mara nyingi tatizo ni rodi. Imefungwa sawasawa na upana wa dirisha, kwa hiyo pazia likifunguliwa bado linaziba robo ya kioo kila upande. Pima: rodi inapaswa kuzidi dirisha kwa sentimita 15 hadi 25 kila upande, na kukaa sentimita 10 hadi 15 juu ya fremu, au zaidi kama dari inaruhusu. Pazia likikusanywa likae mbele ya ukuta na kioo kibaki wazi. Kusogeza rodi hubadilisha chumba kuliko kununua kitambaa kipya, na rangi uliyoiona nzito unaweza kuiona ya kawaida.

Sababu inayofuata ni urefu. Pazia linaloishia katikati ya ukuta hukata chumba vipande viwili, hasa likiwa la rangi iliyokolea kwenye ukuta mwepesi. Liache lishuke hadi libakize sentimita moja au mbili kufika sakafuni. Kama chini ya dirisha kuna kochi au meza na huwezi kushuka, chagua rangi iliyo karibu na ukuta ili mkato usionekane.

Maua makubwa huja mwisho. Kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, ua la ukubwa wa sahani huonekana mara chache tu kabla ukuta haujaisha.

"Kitambaa ni kizuri lakini kimenyooka kama shuka la hospitali"

Kitambaa ni kidogo, basi. Fundi aliyepewa bajeti finyu hupunguza mikunjo, na bila mikunjo rangi inakuwa bapa, haina kivuli wala uhai.

Hesabu ni hii. Dirisha lina upana wa sentimita 180. Ongeza 20 kila upande, rodi ni 220. Pazia zito linahitaji mara mbili hadi mbili na nusu ya rodi: sentimita 440 hadi 550. Shia inahitaji mbili na nusu hadi tatu. Kitambaa chenye upana wa sentimita 280 hugeuzwa, upana wake ukawa urefu wa pazia, kwa hiyo unanunua mita nne na nusu hadi tano na nusu na kazi imekwisha. Kitambaa cha sentimita 140 lazima kiunganishwe: mapande manne, kila moja likiwa na urefu wa pazia pamoja na sentimita 25 hadi 30 za upindo. Pazia la sentimita 230 litakula mita 2.6 kwa pande, yaani mita 10.4. Kama kitambaa kina maua yanayojirudia kila sentimita 64, ongeza sentimita 64 kwa kila pande, la sivyo ua la kushoto litakuwa juu na la kulia chini.

Kama mfuko hauruhusu, nunua kitambaa cha bei nafuu cha kutosha badala ya kitambaa ghali cha kubana. Kwa hili sina mjadala.

Pamba na kitani hupungua zikifuliwa. Ziloweke na kuzikausha kabla ya kushona, au mwambie fundi aache upindo mkubwa chini.

"Linapauka upande mmoja"

Hii ni dalili ya madirisha ya magharibi, na Kisumu inaongoza kwa sababu jua la jioni linashukia ziwani na maji yanarudisha mng'ao wake. Nyumba za Milimani na za kwenye miteremko ya Riat zilijengwa kwa ajili ya mandhari hayo, na mapazia yake ndiyo yanayolipa. Kioo cha kawaida huzuia sehemu tu ya miale inayopausha, nyingine inapita. Nakuru nayo, kwa kuwa iko juu zaidi, hupata miale mikali ingawa hewa ni baridi, kwa hiyo usidanganywe na sweta.

Kagua kwanza kama kweli ni jua. Funua upindo wa chini: rangi ya ndani ikiwa ileile ya awali na ya nje imepauka, ni jua. Zote zikiwa zimepauka sawa, ni sabuni au dawa ya kung'arisha nguo.

Dawa kwa mpangilio: badilishana mapande ya kushoto na kulia kila baada ya miezi michache, weka bitana, kwa sababu ni afadhali bitana iungue kuliko pazia, kisha fikiria blaindi ya kuviringisha ya kitambaa chenye vitundu, ile ya uwazi wa asilimia 3 au 5, inayozuia jua huku ukiendelea kuliona ziwa. Ukinunua upya, polyesta huvumilia jua kuliko pamba, na hariri haivumilii kabisa. Kwa dirisha la magharibi epuka nyekundu, zambarau na buluu iliyokolea. Mchanga, krimu na hudhurungi nyepesi hupauka pia, ila hakuna atakayejua.

Pazia likianza kuchanika kwa kuguswa tu, usilifue kwa mashine. Nyuzi zimekwisha.

"Blaindi haishuki vizuri, au haifanani na chochote"

Kwenye nyumba zetu adui wa blaindi ni mkono wa dirisha la chuma. Dirisha linafunguka kwenda nje, lakini mkono na chuma cha kushikilia vinajitokeza ndani, na blaindi iliyopimwa kukaa ndani ya fremu hugonga hapo kila siku. Funga dirisha, kisha pima mkono umejitokeza sentimita ngapi. Kama kina cha nafasi hakitoshi, blaindi ifungwe usoni mwa ukuta, ikizidi dirisha pande zote. Kama imekwisha kufungwa ndani, mara nyingine vishikizo virefu zaidi vinatosha.

Blaindi ya kuviringisha ikijikunja upande mmoja, kwanza hakikisha vishikizo viko sawa kwa kipimo cha maji. Za wima zikikataa kugeuka, safisha reli kwa brashi kavu. Vumbi la Januari na Februari hujaa humo. Usitie mafuta ya kupikia, maana yatakusanya vumbi zaidi.

Kwa rangi, maoni yangu ni kwamba blaindi ifuate ukuta au fremu, na pazia ndilo libebe rangi. Blaindi za wima za rangi kali huifanya sebule ionekane kama benki. Jikoni na bafuni weka za plastiki au alumini, si kitambaa, na usiruhusu shia yoyote ipepee karibu na meko. Kama dirisha liko juu ya moto, liache bila kitu.

Simama hapa kama una mtoto mdogo: kamba ya blaindi inayoning'inia inaweza kumnyonga mtoto bila sauti yoyote. Funga kamba kwenye ndoana iliyo mita 1.5 au zaidi kutoka sakafuni, ondoa kitanda na viti karibu na dirisha, au nunua isiyo na kamba. Kama kamba huwezi kuipandisha, ng'oa blaindi hiyo leo.

"Shia ina madoa"

Ya kahawia, kwenye mstari mmoja sawa na fremu: ni kutu ya dirisha la chuma. Usikimbilie jiki. Jiki huikaza kutu. Kwa shia nyeupe, paka maji ya limau na chumvi, anika juani, suuza, na ujaribu pembeni kwanza. Usichanganye jiki na limau, siki wala sabuni ya kusafishia choo. Mvuke wake ni sumu. Kisha tibu fremu yenyewe, vinginevyo doa litarudi mvua ya kwanza. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo usiikwangue ikiwa kavu. Loweka msasa, watoto wakae mbali. Kama kutu imekula chuma hadi tundu, mwite fundi wa kuchomelea.

Vidoa vyeusi chini ya pazia: ni ukungu, na Kericho, Kakamega na Kisumu zote zinaujua. Kwa kawaida pazia linagusa kioo chenye jasho au dirisha halifunguliwi. Lisogeze, fungua dirisha asubuhi, fua na ukaushe kabisa. Lakini ukuta wa nyuma ukiwa na unyevu hata wakati wa kiangazi, hiyo si kazi ya pazia. Mwite fundi wa mabomba au mwashi kabla ya kutundika chochote.

Vidoa vidogo vya kijani-kijivu baada ya jioni moja ziwani: ni wale wadudu wanaokuja kama wingu. Usiwapanguse wakiwa wabichi, watapakaa. Waache wakauke, kung'uta nje, kisha fua. Jioni wakionekana, zima taa za karibu na dirisha.

"Usiku jirani ananiona"

Shia huficha mchana tu, kwa sababu nje kuna mwanga kuliko ndani. Usiku mambo hugeuka. Hakuna rangi ya shia itakayokusaidia. Weka pazia la pili au blaindi.

"Rodi inang'oka"

Kama rodi imelegea, skrubu iliingia kwenye plasta tu. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: sauti ya debe ni plasta iliyoachana na ukuta. Toboa pengine, weka plagi ya plastiki inayolingana na skrubu, na skrubu ipite plasta hadi kwenye jiwe. Juu ya dirisha kuna linta ya zege, na drili ya kawaida itateleza hapo. Azima ile inayogonga. Usiilazimishe kwa nguvu, utapasua plasta yote. Pazia la velveti lenye bitana ni zito, kwa hiyo rodi inayozidi mita mbili iwekewe kishikizo cha katikati.

Mpangaji, omba ruhusa kabla ya kutoboa, na uombe kwa ujumbe wa simu ili ibaki kumbukumbu. Keateka akisema "toboa tu", huo si ujumbe wa mwenye nyumba.

Nyaya za stima kwa kawaida hushuka wima ukutani kwenda kwenye swichi na soketi, kwa hiyo usitoboe juu yake moja kwa moja wala karibu na taa ya ukutani. Ukiona cheche, taa zikizimika au drili ikigusa bomba la plastiki, acha, zima swichi kuu, na umwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati. Usichomoe drili huku stima ikiwaka.

Na kama juu ya dirisha kuna ufa unaoingia kidole, au linta imeanza kuinama, usitoboe hata tundu moja. Piga picha, mtumie mwenye nyumba, na mwashi aitazame linta kabla fundi wa mapazia hajapanda ngazi.